Mashine ya Barafu Ilivyokwenda Kukaa na Ng'ombe Misungwi

Siku ile mezani tulikuwa watano, na nawataja wote kabla sijasahau, ingawa majina sijawahi kusahau; ninachosahau ni mahali nilipoweka miwani. Alikuwepo Mzee Lutonja Masalu, mwenye kiwanda cha minofu ya sangara, Msukuma wa Misungwi. Alikuwepo mdogo wake wa tumbo moja, Shija Masalu, mfugaji, amekuja mjini na koti la harusi yake na viatu vya kuazima. Alikuwepo Deusi Magesa, mhasibu wetu, mtoto wa mwalimu wa Butimba, ndiye alikuwa anatafsiri. Alikuwepo Mama Hanneke, mwanamke wa Uholanzi, aliyetaka kununua kiwanda. Na mimi, Veronika Nyangeta, Mjita, mnyapara wa chumba cha kukatia minofu, darasa la nne. Sikuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Niliitwa kwa sababu ufunguo wa chumba cha barafu ulikuwa ukining'inia shingoni, na kwa sababu kosa lilipita mikononi mwangu.

Nawaandikia nyie vijana kwa sababu juzi mjukuu wangu Neema, anayesomea biashara, alikuja hapa kwangu Igoma akaniuliza, "Bibi, hivi kwa nini kampuni za nje zikija kununua, moja inataka yote na nyingine inataka kipande tu?" Akasema mwalimu wao ameandika sababu mpaka ubao ukajaa. Nikamwambia mimi najua sababu moja tu, na niliikuta imelaliwa na kuku.

Alicheka. Lakini ni kweli, na nitaeleza.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Sangara hakatwi kwa nguvu. Unamlaza, unaingiza kisu nyuma ya pezi la shavuni mpaka uguse mfupa, halafu unalaza kisu na kukiacha kiteleze juu ya mgongo wake mpaka mkiani. Mfupa ndio unakuonyesha njia. Ukisukuma, unaacha nyama kwenye mgongo, na mnofu unatoka na mashimo kama shuka lililotafunwa na panya. Haya alinifundisha Mama Leokadia, Mhaya wa Bukoba, aliyekuwa mnyapara kabla yangu. Mwanamke mfupi, sauti kama kengele ya kanisa.

Wiki yangu ya kwanza niliharibu mnofu mzima. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikauingiza ndani ya buti langu la mpira. Kufika saa sita nikawa natembea kama bata. Mama Leokadia akaja, akasimama mbele yangu, akanusa.

"Wewe Mjita, mguu wako una samaki?"

"Hapana, Mama."

"Vua."

Nikavua mbele ya wanawake wote. Akauchukua ule mnofu, ukiwa na rangi ya soksi, akauweka katikati ya meza ya chuma, ukakaa hapo mpaka jioni kila mtu anaupita. Nikajua nimefukuzwa. Jioni akaniambia, "Mnofu kuharibika ni kazi. Kila kilichoharibika kinakuja mezani, tukione. Siku ukificha tena, uende kwenu ukavue dagaa."

Sikuficha tena. Miaka mingi sikuficha. Halafu nikaja kuficha mashine nzima.

Ilikuwaje? Kiwanda kilikuwa kinachoka. Vyumba vya baridi vilikuwa vizee, vinakohoa mchana kutwa, na samaki nao ziwani walikuwa wanapungua. Mzee Lutonja akaona asipopata mwenzake mwenye uwezo, tutafunga. Chumbani kwangu tulikuwa wanawake arobaini na mmoja. Naweza kuwataja wote, lakini Neema amenikataza, anasema wasomaji watakimbia. Basi jueni tu kwamba kila mmoja alikuwa na nyumba nyuma yake.

Kabla ya Mama Hanneke alikuja Mjapani mmoja, Bwana Tanabe. Mtu mpole kweli. Alikuja mara tatu, akakaa jikoni kwetu, akala ugali na kichwa cha sangara mpaka akanyonya macho. Hakuuliza kitu. Mara ya tatu akasema anaomba kipande kidogo tu cha kiwanda, kama kidole, tukae pamoja miaka kadhaa tujuane, ndipo tuzungumze habari ya mkono. Mzee alimpenda. "Huyu anajua kuposa," akasema. Shida ni kwamba kwao hakuna mtu anayesema ndiyo peke yake. Lazima wote waliomo ofisini wakubali kwanza, kutoka chini mpaka juu. Tukangoja. Vyumba vya baridi havikungoja. Kimoja kikafa, na jibu la Bwana Tanabe bado liko njiani.

Ndipo akaja Mama Hanneke. Mrefu, miguu ya korongo, nywele nyeupe amezikata kama askari. Mtu fulani alikuwa amemfundisha salamu kinyume, basi anakuingilia chumbani na kukuambia "Marahaba!" kabla hujafungua mdomo. Alimwambia hivyo hata Mzee Lutonja. Mzee akaangalia ukutani kidogo, halafu akaitika, "Shikamoo." Tulikaribia kufa kwa kicheko.

Deusi alituelezea nia yake wakati wa chai, na kwa kuwa sisi mambo ya hisa hatuyajui, akaeleza kwa sangara. "Kiwanda ni sangara mwenye minofu miwili. Mama Hanneke anataka mmoja na nusu. Mzee anabaki na nusu ya mnofu, na kichwa, na mapanki." Mapanki ni ile mifupa inayobaki ukishatoa minofu; akina mama wa mjini wanaikaanga na kuiuza, na watu wengi wanakula hapo. "Na akibaki na hiyo nusu, Mzee ana sauti. Ameshasema sharti lake ni moja: chumba cha kukatia kisiguswe."

"Na akichukua samaki mzima?" nikauliza.

Deusi akakoroga chai iliyokuwa haina sukari. "Kwao kuna mashine inayokata, Mama Nyangeta. Inahitaji watu sita."

Arobaini na mmoja, toa sita. Hilo hata darasa la nne tunalijua.

Ijumaa Mama Hanneke akaja kuhesabu mali, na vijikaratasi vya kubandika vyenye namba. Akaanza ofisini. Kila kitu kikapata namba: kiti, mizani, kabati. Kigoda changu kikapata namba. Birika la chai likapata namba. Jioni ilifika kabla hajafika kwenye mashine, akasema ataendelea Jumatatu. Mzee Lutonja akaingia jikoni kujimiminia chai, akaliona birika. Akaliangalia muda mrefu. Chai hakunywa.

Jumapili natoka misa ya kwanza, nakuta lori mlangoni kwangu. Ndani yuko Shija na vijana wanne wenye mabega. Mzee yuko mbele.

"Nyangeta, ufunguo."

"Mzee, leo Jumapili."

"Ndiyo maana nimekuja Jumapili."

Tulikuwa na mashine mbili za barafu, kuukuu na mpya. Ile mpya ndiyo ilikuwa mboni ya jicho la kiwanda. Waliing'oa sakafuni, wakaipakia. Sikuuliza. Tena mimi nilifanya zaidi ya kutoa ufunguo: niliifunga kwa aproni zetu za zamani isije ikakwaruzika njiani. Ikaenda Misungwi kwa Shija. Boti mbili zenye injini nazo zikaenda Ukerewe kwa shemeji yake Mzee.

Jumatatu Mama Hanneke akaingia chumba cha barafu. Akasimama. Sakafu yote nyeusi kwa miaka ya maji, isipokuwa katikati: mraba mweupe, saruji safi kama imemwagwa jana.

"Hapa palikuwa na nini?" akauliza, Deusi akatafsiri huku haniangalii.

"Meza," nikasema.

Akachuchumaa. Akaingiza kidole kwenye tundu la skrubu pembeni. Akaenda la pili, la tatu, la nne. Akainua macho ukutani. Pale bomba la maji lilipokuwa likiingia kwenye mashine, Shija alikuwa ameliziba kwa gunzi la mahindi.

"Meza hii," akasema, "ilikuwa inakunywa maji?"

Wajukuu zangu, nimezaa watoto sita na nimezika mume, lakini sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile.

Mchana akakaa na Mzee. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lilitutisha. Akasema kwao mwenzako akikuficha kitu kimoja, hujui ameficha vingapi, basi huyo si mwenzako. Nyumba yenye chumba usichokijua hununui nusu. Ama unaiacha, ama unainunua yote, unabadilisha makufuli. Kwa hiyo sasa anataka kiwanda chote. Mzee achague mpaka Ijumaa. Deusi alitafsiri hadi mwisho.

Mzee akasema neno moja: "Aende."

Mmeona jambo lilipofika? Akiondoka, tunafunga. Akichukua yote, inakuja mashine ya watu sita. Na ufunguo uko shingoni mwangu.

Kesho yake nikampelekea Mzee chai mwenyewe. Nikapiga goti, shikamoo, marahaba, nikakaa bila kukaribishwa.

"Mzee, kwa nini tuliificha?"

"Wewe Mjita, nyie mkitupa nyavu mkipata mnakula, mkikosa mnalala. Utajua nini habari ya mali?"

"Na nyie Wasukuma mnalala zizini mkidhani ni benki. Nifundishe basi, nife nikijua."

Akatabasamu nusu. Utani wetu ulikuwa dawa yake. Akasema, mtu anayeweka ng'ombe zake zote zizi moja ni mjinga. Ukija ugonjwa, wanakwisha. Wakija wezi, wanakwisha. Likija jicho la mtu, ndiyo kabisa. Kwa hiyo unawagawa: kumi kwa ndugu, watano kwa rafiki, wawili kwa mjane anywe maziwa. Na idadi husemi. Hata mke hajui. "Sasa huyu mama anakuja kuposa, hajakaa, hajala, anahesabu mpaka birika! Tangu lini mposaji akaingia zizini kuhesabu ng'ombe za mkwe? Sikuiba, Nyangeta. Mashine ni yangu. Nimeitawanya ili tusife siku moja."

"Sasa yeye anajua hayo?"

Akapuliza chai yake.

"Mpeleke akaone."

"Mimi? Nimwonyeshe mtu zizi langu?"

"Basi nitampeleka mimi."

Akageuza uso, akaangalia dirishani, kwenye ziwa. Nyie vijana mnapenda majibu ya haraka. Mzee wa namna ile akinyamaza na kuangalia nje, hajakuruhusu, lakini pia hajakukataza. Mkitafuta zaidi ya hapo mtakosa vyote. Nikachukua kikombe changu nikaondoka.

Nikaenda kwa Mama Hanneke na Deusi. Nikamwambia, "Haikuwa meza. Ilikuwa mashine ya barafu, na boti mbili nazo ziko Ukerewe, na ufunguo nilitoa mimi. Twende nikuonyeshe." Niliisikia kengele ya Mama Leokadia: kilichoharibika kinakuja mezani.

Tukaenda Misungwi kwa gari lake. Shija alitupokea vizuri, "Kalibuni, kalibuni," akatoa vigoda, akatoa maziwa ya mgando. Safari hii Mama Hanneke alikaa. Alikunywa. Ndipo Shija akafungua ghala la pamba. Mashine iko pale, imevaa aproni zetu kama bibi harusi, imepakwa mafuta, na juu yake kuku mwekundu amelalia. Mama Hanneke akanyoosha mkono kugusa, kuku akamdonoa.

"Ana mayai," Shija akasema. "Nilimhamishia juu pale na mayai yake, hakuna siafu. Hata yeye ameona ni mashine nzuri."

Akatupeleka zizini. Mama Hanneke akauliza wale ng'ombe ni wa nani. Shija akaanza kunyoosha fimbo: yule mwenye doa ni wa Lutonja, hawa wawili wa rafiki yao Maganga, yule mwekundu wa mjane jirani, hawa wangu.

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi ya nini?"

"Ya kuonyesha nani ni wa nani."

Shija akamwangalia kwa huruma, kama mtu asiye na ndugu. "Mama, mimi na Lutonja tunajua."

"Akifa mmoja? Lutonja atajuaje kwamba hukumuuza?"

"Akifa namletea ngozi."

Deusi akatafsiri. Mama Hanneke akaomba arudie. Shija akarudia taratibu: maziwa anakunywa anayetunza, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na mtunzaji akikaa vizuri miaka mingi anapewa mtamba wake mwenyewe. Ng'ombe akifa unamchuna, unapeleka ngozi, mwenyewe anaiona, anaitambua rangi, mnasikitika pamoja. Asiyeleta ngozi hapewi ng'ombe tena, yeye wala watoto wake.

Mama Hanneke akarudi kwenye kigoda. Halafu akatueleza habari za kwao. Kijiji alichozaliwa kiko chini kuliko bahari. Maji yamezuiwa na tuta. Babu yake alikuwa akitembea juu ya lile tuta na majirani, wanakagua hatua kwa hatua. Fuko akichimba tundu kwenye kipande chako, lazima useme siku hiyo hiyo. Jirani akificha tundu moja, kijiji chote kinakwenda na maji. "Kwetu," akasema, "anayeficha anazamisha watu."

Nikaangalia ng'ombe, nikamwangalia yeye. Kumbe kila mtu alikuwa anaogopa kufa na watu wake! Mmoja kwao dawa ni kutawanya na kunyamaza. Mwingine kwao dawa ni kufunua kila kitu. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwizi.

Ijumaa ndiyo tukakaa wale watano niliowataja mwanzoni. Shija aliitwa na Mama Hanneke mwenyewe. Vyumba vya baridi vinakohoa ukutani. Mzee Lutonja anaangalia dirishani. Mwisho akauliza bila kugeuka:

"Umemwona kuku?"

"Nimemwona," akasema Mama Hanneke kwa Kiswahili chake. "Ana mayai tisa."

Mzee akageuka polepole. "Umeyahesabu!"

Shija alianza kucheka, akapiga meza kwa kiganja. Mimi nikafuata. Deusi akashindwa kutafsiri, na haikuhitajika. Mzee alicheka mpaka akatoa leso. Nilimwona Mama Hanneke naye amekuwa mwekundu, anacheka na kuomba radhi kwa pamoja.

Tulipokwisha kucheka, kazi haikuchukua muda. Mama Hanneke akasema yuko tayari kurudi kwenye mnofu wake mmoja na nusu, na Mzee abaki na sehemu yake na sauti yake, na chumba cha kukatia kibaki. Hatauliza tena Mzee ana nini Misungwi wala Ukerewe. Lakini cha kiwanda kirudi kiwandani, na kuanzia leo kitu cha kiwanda kikifa, ngozi ije mezani. Siku hiyo hiyo. Kwake yeye vilevile: mambo ya huko kwao yakiharibika, alete ngozi.

Mzee akamwangalia mdogo wake. Shija akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimeshika ufunguo wangu kwa mikono miwili.

"Na mashine ya barafu inarudi lini?" Deusi akauliza, kalamu mkononi.

"Kuku akishaangua," akasema Mzee Lutonja.

Deusi akasita kuandika hilo. Mama Hanneke akamwambia, "Andika."

Na ikawa hivyo. Tulihangaika na ile mashine kuukuu karibu wiki tatu, na Mama Hanneke alingoja. Mimi nawaambia, kule kungoja ndiko kulikomfanya awe mwenye kiwanda, maana sahihi ziliwekwa baadaye.

Tangu hapo kila Jumamosi palikuwa na meza ya ngozi. Mkanda uliokatika, feni iliyoungua, aproni iliyochanika, vinawekwa pale, tunaviona wote. Mama Hanneke mara moja aliweka barua: mteja mkubwa wa kwao ametukataa. Akaiweka katikati ya mikanda na skrubu, akasema, "Ngozi yangu hii." Tukasikitika pamoja, na Mzee akamwagizia soda.

Siku ninaacha kazi, wenzangu walinishonea kitenge. Mama Hanneke alikuwepo, na Mzee, na Shija amekuja na koti lile lile. Nikatoa kwenye mfuko kisu changu, kile nilichokata nacho miaka yote ya mwisho. Kilikuwa kimeliwa na jiwe la kunolea mpaka kimekuwa chembamba kama jani la tete. Nikakiweka mezani.

"Nimeleta ngozi," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee Lutonja akakichukua, akapitisha kidole mgongoni mwa kisu, akampa Mama Hanneke, naye akafanya vilevile. Halafu Mzee akamwambia mdogo wake, "Shija, Mjita huyu ametunza vizuri. Mchagulie mtamba."

Mimi, mtoto wa wavuvi! Nikapewa mtamba mweusi mwenye doa jeupe pajani. Sikuja naye Igoma, ningemlaza wapi? Yuko Misungwi kwa Shija, maziwa anakunywa yeye, naye mtamba tangu siku hiyo amekuwa akizaa.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Mzee Lutonja bado yupo, masikio ndiyo yamechoka. Deusi yupo Butimba, ana kitambi. Shija yupo na ng'ombe. Kama kuna jina nimelikosea, au kama boti za Ukerewe zilikuwa tatu na si mbili, au yule kuku hakuwa mwekundu, njooni hapa Igoma mniambie, nitafuta na kuandika upya mbele yenu, sitaficha. Chai ipo. Ila mkija, msiniulize ng'ombe wangu wamefika wangapi.